Kwinini Iliyosilimu

Bi Mwanajuma hakuwa mwizi wala mpekuzi. Alikuwa anatoa godoro la mkwe wake nje lipate jua, maana godoro la sufi lisipoanikwa hufanya mabonge. Sasa kama chini yake kuna kikopo cha mafuta ya nywele kilichofungwa kitambaa, na kikopo hicho kikaanguka chenyewe sakafuni na kufunguka chenyewe, mtu mzima afanye nini, afumbe macho? Ndivyo alivyojieleza baadaye, kwa watu wengi na kwa muda mrefu, na hatuna budi kumwamini, ingawa fundo la kitambaa kile lilikuwa la mtu aliyekusudia lisifunguke.

Ndani mlikuwa na vidonge vyeupe.

Nyumba ile ya mtaa wa zamani, Bagamoyo, ilikuwa na watu watatu tu. Alikuwapo yeye mwenyewe. Mwanawe Alawi, mshona makubazi kama marehemu baba yake. Na mke wa Alawi, Sihaba, binti wa watu wa Mkange, aliyeolewa mwaka uliotangulia na sasa ana mimba ya miezi sita. Alawi alikuwa Pangani kutafuta ngozi. Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, mwaka ambao kila kitu kilitafutwa, sukari, unga, sabuni, na mtu alitoka asubuhi kutafuta kimoja akarudi jioni na kingine kabisa. Lakini ndani ya nyumba hakukuwa na mwenye homa, wala mwenye kichwa, wala aliyesema anaumwa.

Bi Mwanajuma akakigusa kidonge kimoja kwa ncha ya ulimi.

Uchungu ukaushika ulimi, ukateremka kooni, ukakaa. Vijana wa siku zile walijua klorokwini, na klorokwini nayo ni chungu, lakini Bi Mwanajuma alikuwa amelishwa kwinini ya Mwingereza tangu utotoni, akaila mpaka masikio yakamvuma, na uchungu ule aliujua kama anavyojua sauti ya mama yake. Akakaa juu ya kitanda kitupu, kikopo mapajani.

Wanawake wa umri wake walijua kwamba kwinini ilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kutibu homa. Ya pili haikusemwa mbele ya wanaume. Mwanamke asiyeitaka mimba yake aliitafuta kwinini akaimeza ngumi nzima, na mara nyingine mimba ilitoka, na mara nyingine alitoka yeye duniani. Mosi, mdogo wake Bi Mwanajuma wa kuzaliwa tumbo moja, alifanya hivyo akiwa hajatimiza miaka ishirini. Alikufa mchana kweupe, akiuliza mbona giza limeingia mapema. Tangu siku ile Bi Mwanajuma aliichukia kwinini kama mtu anavyomchukia mtu, kwa jina na kwa sura.

Na sasa ilikuwa ndani ya nyumba yake, chini ya godoro la mwanawe, karibu na mjukuu ambaye hata hajamwona.

Sihaba aliporudi kutoka bombani, ndoo kichwani, mama mkwe wake alikuwa amesimama uani na kikopo mkononi.

"Hii nini?"

Sihaba akaitua ndoo polepole. Alikuwa msichana mwembamba, mpole kupita kiasi, wa kujibu neno moja anapoulizwa kumi, na Bi Mwanajuma siku zote aliuhesabu upole ule kuwa ni ushamba wa bara.

"Dawa, mama."

"Dawa ya nini?"

Sihaba akainama kuifuta ndoo maji kwa kanga.

"Nimeionja mimi. Kwinini hii."

"Siyo kwinini, mama. Ni kwinidini."

Bi Mwanajuma akalirudia neno lile taratibu, akilikata vipande. "Kwini-dini. Kumbe! Kwinini imesilimu. Zamani ilikuwa inaua watoto wa watu, sasa imepata dini, inasali swala tano. Na ule uchungu wake wa ukafiri imebaki nao wa nini?"

"Wallahi mama, ndivyo inavyoitwa."

"Usiniapie. Nakuuliza ya nini."

Sihaba alikitazama kikopo. Macho yalimjaa machozi. "Siwezi kusema," alisema, na katika majibu yote aliyoweza kutoa, hilo ndilo lililokuwa la kweli kuliko yote, na ndilo lililomwangamiza.

"Huwezi kusema. Basi usiseme."

Bi Mwanajuma akaenda chooni, akakipindua kikopo juu ya tundu, akakipiga kitako mpaka kidonge cha mwisho kikatoka. Alipotoka alijisikia mwepesi. Alikuwa amemwokoa mtoto wa Alawi, na kama ni lazima amwokoe kutoka kwa mama yake mwenyewe, atamwokoa hivyo hivyo.

Siku zilizofuata alimlinda Sihaba kama mlinzi wa ghala. Akienda sokoni alikwenda naye, Sihaba akienda kuoga yeye alikaa mlangoni akisafisha koo. Mkeka wake aliutandika chumba kimoja naye. Tena alimlisha, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye hakika tu, na mtu mwenye hakika hufanya mambo mengi mema na mabaya kwa nguvu ile ile. Watu wakipanga foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, yeye alizunguka nyuma ya maduka hadi akapata mchele. Alimtafutia changu wa kuchemsha, akamkamulia ndimu. Sihaba alikula alichopewa na kusema ahsante. Alikuwa akipanda ngazi mbili za barazani anasimama kidogo, mkono kifuani, kama aliyesahau alichokuwa anakwenda kukifanya. Miguu ilianza kumvimba. "Mimba hiyo," alisema Bi Mwanajuma, akaongeza chumvi kidogo kwenye mchuzi ili mtoto apate nguvu.

Siku ya Alhamisi alikuja jirani yao, Ashatu, na mchi wake begani, kutwanga mpunga wa hitima ya mumewe. Kinu kizuri mtaa ule kilikuwa cha Bi Mwanajuma. Mwanamke mwenye mimba akikaa kitako, mtoto naye anakuwa mvivu, hayo ndiyo yaliyokuwa maoni ya Bi Mwanajuma, kwa hiyo Sihaba akapewa mchi wa pili. Yeye mwenyewe alikaa upenuni akipepeta.

Kutwanga watu wawili kinu kimoja ni kusikilizana. Mmoja akipandisha mwenzake anateremsha, na anayesikia akiwa nyumba ya tatu anajua kwamba mambo ni shwari. Walianza vizuri. Kisha Bi Mwanajuma, bila kuinua macho kwenye ungo, akasikia mchi mmoja umechelewa. Ukawahi. Ukachelewa tena. Michi ikagongana hewani, Ashatu akasema, "Wee Sihaba, utanivunja mkono," na Sihaba akaachia mchi, akateremka chini taratibu akiwa ameshika kinu, mpaka akalala juu ya pumba.

Uso ulikuwa umebadilika rangi, na alihema kama aliyetoka kukimbia kutoka Zinga. Bi Mwanajuma akapiga magoti, akalaza sikio kifuani mwake. Mara ya mwisho kulaza sikio lake juu ya kifua cha mtu ilikuwa kwa Mosi, na hakusikia kitu. Safari hii alisikia mambo mengi mno. Pigo moja, kisha kimya. Mapigo matatu yamebebana. Kimya kirefu cha kumtoa mtu roho. Kisha fujo, mapigo kwa mapigo, makubwa kwa madogo, wala hakuna lililomngoja mwenzake.

"Mama," Sihaba alisema kwa pumzi. "Ile ilikuwa dawa ya moyo."

Waliazima mkokoteni wa muuza chumvi kumfikisha hospitali ya pale mjini. Daktari wa zamu alimsikiliza kifuani, akashika mkono wake, akasikiliza tena, akaagiza gari la hospitali limpeleke Dar es Salaam mara moja. Bi Mwanajuma aliingia ndani ya Landrova na kanga zake mbili na makubazi yake miguuni, hakurudi hata nyumbani kufunga mlango. Ashatu ndiye aliyeufunga, na ndiye aliyekwenda posta kumpigia Alawi simu ya maandishi.

Barabara ilikuwa mashimo matupu. Bi Mwanajuma alikikumbatia kichwa cha mkwe wake kisigongwe, na njiani, maneno mawili kwa pumzi moja, akaelezwa kila kitu. Sihaba alipokuwa mtoto aliugua homa ya viungo, magoti na viwiko vikamvimba, akapona. Lakini homa ile ilikuwa imeacha alama yake moyoni. Miaka miwili kabla ya kuolewa, moyo ukaanza kwenda ovyo. Shangazi yake akampeleka hospitali kubwa, akapewa vidonge vya kumeza kila siku, na moyo ukatulia. Ndipo posa ya Alawi ilipokuja. Bi Dija, mama yake Sihaba, akamfungia chumbani binti yake akamwapisha: ugonjwa wa moyo hautajwi ukweni. Nani atamchukua mwanamke wa kuanguka, mwanamke wa kufa? Wakijua watakurudisha Mkange na aibu yako.

"Kweli mngenirudisha, mama?" Sihaba aliuliza.

Bi Mwanajuma alitaka kusema hapana. Lakini alijijua, na alijua maneno ambayo angeyasema mwaka jana kuhusu watu wa bara wanaotoa mali mbovu. Akaivuta kanga akamfunika miguu.

Hospitali ile kubwa ya Dar es Salaam, iliyompa Sihaba vidonge, walimkuta daktari aitwaye Mikidadi, mwenyeji wa Pangani, mtu wa makamo mwenye macho ya usingizi na adabu ya nyumbani kwao, kwani hata katikati ya haraka ile alimwinamia Bi Mwanajuma kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwokoe huyu."

Sihaba alilazwa kitandani, akachomwa sindano, akafungwa nyaya mikononi, miguuni na kifuani. Nyaya zile zilikwenda kwenye mashine yenye kalamu nyembamba, na kalamu ikaandika yenyewe juu ya utepe wa karatasi uliokuwa ukitoka. Daktari aliutazama utepe, akautazama uso wa mgonjwa.

"Uliacha dawa?"

"Ziliniishia, daktari," Sihaba alisema.

Bi Mwanajuma alisikia jambo likimchoma ubavuni. Mtoto huyu, anayeshindwa hata kuhema, alikuwa anatumia pumzi yake chache kumfichia aibu mtu aliyemtupia dawa zake.

"Hazikumwishia," alisema. "Zilikuwapo tele. Mimi ndiye nilizitupa chooni. Nilionja nikajua ni kwinini, nikajua anamtoa mtoto. Akaniambia ni kwinidini, nikamfanyia mzaha. Sasa niambie, daktari, nimewaua wote wawili au bado?"

Daktari hakumkemea. Alimwomba muuguzi kikombe cha maji na vidonge viwili vya aina mbili, akamngoja mgonjwa ameze. Kisha akavuta kigoda.

"Nivulie kubazi lako moja, mama. La kushoto."

Bi Mwanajuma alivua, ingawa alidhani daktari naye ameanza kuchanganyikiwa. Daktari akaligeuza mkononi, akaisifu mishono, akauliza ni kazi ya nani; akaambiwa ni ya mume wa mgonjwa. Akainama, akalivika kubazi lile la kushoto kwenye mguu wake wa kulia. Gidamu ilikuja pasipostahili, kidole gumba kikabaki nje.

"Ngozi moja?"

"Ngozi moja."

"Kisu kimoja, sindano moja, fundi mmoja?"

"Mwanangu huyo huyo."

"Ukiliramba hili na lile, utajua tofauti?"

"Nilirambe la nini? Ngozi ni ngozi."

"Basi hivyo ndivyo zilivyo. Kwinini na kwinidini zinatoka kwenye gome la mti mmoja. Vitu vilivyomo ni vile vile, na uchungu ni ule ule, ulimi wako haukukosea. Lakini moja imegeukia huku na nyingine imegeukia kule, na kwa hiyo zinavaliwa na miguu tofauti. Hii ya mkwe wako inakaa sawasawa kwenye moyo. Na kwa kipimo tunachompa hatujaiona ikimdhuru mtoto. Kinachomdhuru mtoto ni mama yake kukosa pumzi."

Bi Mwanajuma aliutazama mguu wake uliovikwa vibaya. "Na inaufanya nini huo moyo?"

"Moyo unakwenda kwa umeme, mama."

"Umeme," alisema Bi Mwanajuma. "Nyumbani kwangu hata taa hatujavuta. Umefikaje ndani ya Sihaba?"

Daktari alicheka, na Sihaba juu ya kitanda akajaribu kutabasamu. Umeme huu, alieleza, kila mtu anazaliwa nao. Juu ya moyo pana mahali padogo panapotoa cheche. Cheche inapita katika nyama ya moyo, na kila nyama inayopitiwa inajikunja, damu inasukumwa. Nyama ikishajikunja inapumzika kidogo, na katika kupumzika huko haisikii amri ya mtu, hata uichome vipi. Mapumziko yale ndiyo yanayolinda utaratibu. Sasa homa ile ya viungo iliharibu kilango kimoja cha moyo wa Sihaba, chumba cha juu yake kikavimba, na humo cheche zinapotea njia. Badala ya kupita na kwisha zinazunguka, zinarudi zilikotoka, zinaikuta nyama imekwisha kuamka, zinaiamrisha tena kabla ya wakati wake. Chumba kizima kinabaki kutetemeka tu, na kile cha chini kinapiga ovyo kwa kufuata fujo ya juu.

"Dawa inaifanya nyama isipokee cheche kwa pupa," alisema. "Na inayarefusha yale mapumziko. Cheche iliyopotea ikizunguka ikarudi, inaikuta nyama bado imelala. Inabisha hodi hapa, hakuna wa kuitikia. Inabisha pale, hakuna. Inakufa. Hapo ile cheche ya haki, ya pale juu, inasikika tena."

"Ni kama kutwanga," alisema Bi Mwanajuma. "Mwenye pupa anauinua mchi kabla ya zamu yake, michi inagongana. Dawa inauzuia mkono wake kidogo, basi, mpaka zamu ifike."

"Sijapata kusikia mtu akiieleza vizuri zaidi," daktari alisema. "Lakini mkono ukizuiwa mno, kinu kinasimama. Dawa hii ikizidi inaweza yenyewe kuukoroga moyo. Ndiyo maana tutampa kidogo kidogo, huku tukimtazama kwa mashine hii. Usiniombe nikuahidi, mama. Ninakuambia tu kwamba moyo huu uliwahi kuitii dawa, na huenda ukaitii tena."

Kisha akachukua kitu cha mbao mfano wa faneli, akakiweka juu ya tumbo la Sihaba, akatega sikio. Daktari alisogeza kile kitu mara mbili, akatulia, akamwita kwa kidole. "Njoo usikilize."

Mwanzoni alisikia kama maji. Halafu, mbali, likaja tiki-tiki-tiki-tiki dogo, la haraka, lisilopumzika. Alilisikiliza, kisha akainuka ghafla, macho yamemtoka.

"Na huyu naye anao. Mbio zote hizo! Mpe na yeye dawa."

Muuguzi aligeuka akatazama dirishani ili asionekane akicheka. "Huyu hana ugonjwa," daktari alisema. "Watoto wote wa tumboni ndivyo mioyo yao inavyokwenda. Ungemkuta anakwenda kama wewe, hapo ningekuwa na wasiwasi. Yu hai, mama, tena mzima."

Bi Mwanajuma akakaa juu ya kigoda cha daktari, akajifunika uso kwa kanga, akalia kwa sauti. Alilia kwa ajili ya Mosi, na kwa ajili ya yule aliyekuwa tumboni mwa Mosi ambaye hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza kwa faneli ya mbao. Hakuna aliyemzuia.

Siku zile za hospitali alizipitisha kwa jamaa zake wa Kariakoo, akija asubuhi na chai ya chupa na kuondoka jioni anapofukuzwa. Uvimbe wa miguu ulishuka kwanza, kisha pumzi ikarudi, lakini moyo wenyewe uliendelea na fujo yake, na kila kalamu ilipoandika daktari alitikisa kichwa na kuongeza dawa kidogo. Bi Mwanajuma alijifunza kusoma utepe ule kwa namna yake. Mistari iliyosongamana hapa na kuachana kule aliielewa bila kuambiwa.

Alawi alifika saa ya kuwatazama wagonjwa, vumbi la njiani limemjaa hadi kwenye kope. Mama yake alimdaka mlangoni mwa wodi, kabla hajamfikia mkewe.

"Mkeo ana ugonjwa wa moyo. Alikuwa nao kabla hujamwoa, na atakuwa nao. Atakula dawa kila siku. Kama una neno la kusema, liseme hapa kwangu."

Alawi alikuwa mtu wa maneno machache kama mkewe, ndiyo sababu nyumba ile maneno yote yalibaki kwa Bi Mwanajuma. "Ninalo," alisema. "Hapa wanampa chakula gani?"

"Pita," mama yake akamwambia, akampisha.

Halafu, asubuhi moja, muuguzi alimkuta Bi Mwanajuma ngazini na chai yake akamwambia afanye haraka. Moyo wa Sihaba ulikuwa umeanza kwenda sawa alfajiri ile. Daktari alitaka utepe mrefu, aone kama umeshika kweli au umepita tu kuwasalimu.

Sihaba alikuwa amelala na nyaya zake, na kalamu ilikuwa inaandika. Nundu ndogo, mkuki mrefu, nundu. Nundu ndogo, mkuki mrefu, nundu. Wote wamepanga mstari, wana nafasi sawa katikati yao, hakuna anayemsukuma mwenziwe. Muuguzi aliwaambia wasimchokoze mgonjwa, akaenda kumwita daktari.

Bi Mwanajuma alisimama karibu na kitanda. Siku zote zile alikuwa amemlisha, amemsuka, amemfulia, na neno lenyewe alikuwa bado nalo kooni. Kwao radhi huteremka. Mzazi humpa mtoto, mkubwa humpa mdogo. Mama mkwe kumpigia magoti mkaza mwana wake na kuomba radhi ni jambo ambalo hakuwahi kuliona, wala hakumbuki kusimuliwa. Lakini alikwisha fikiri kwamba kama moyo huu ungesimama kabla hajalisema, angeishi nalo mpaka kaburini, na kaburi lake lisingetosha.

"Sihaba."

"Naam, mama."

"Ulinificha, na nimejua kwa nini ulinificha. Ni kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa wa kufichwa." Alishika ukingo wa kitanda, akapiga magoti juu ya sakafu ya saruji. "Nakuomba radhi, mwanangu. Wewe na huyo aliye tumboni."

Sihaba alikuwa amefumba macho, machozi yanamteremkia masikioni, na mkono wake wenye waya ukatafuta kanga ya mama mkwe wake ukaishika. Juu ya meza kalamu iliongeza mwendo. Bi Mwanajuma aliisikia ikikwaruza kwa haraka, akawaza kwamba amemaliza kazi aliyoianza kule chooni.

Daktari Mikidadi aliingia akamkuta bado amepiga magoti. Aliuvuta utepe, akaupitisha vidoleni kutoka mwanzo, akasimama mahali.

"Hapa moyo umekwenda mbio. Mlikuwa mnafanya nini?"

"Nilikuwa namwomba radhi," alisema Bi Mwanajuma kutoka chini.

Daktari aliinama, akamwinua kwa kiwiko, akamwekea utepe ule mbele ya macho. "Tazama, mama. Mwendo umeongezeka, na ni haki yake, moyo wa nani usingeongeza? Lakini mipigo yote ipo kwenye mstari. Kila mkuki na nundu yake mbele, hata mmoja haujaruka zamu. Ningeweza kumpandisha ngazi na kumteremsha kuujaribu moyo huu, na nisingepata jaribio zito kama hilo lako." Aliukunja utepe akautia mfukoni. "Dawa imeshika. Akiendelea hivi atazalia hapa hapa mikononi mwetu, kisha mtarudi kwenu na mtoto wenu."

Akazima mashine, muuguzi akaanza kufungua nyaya, mikono kwanza, kisha miguu, kisha kifua. Bi Mwanajuma alibaki amesimama, hajui aiweke wapi mikono yake, kwa kuwa hakuwa amejibiwa.

Sihaba alijifuta uso kwa ncha ya shuka, akamgeukia.

"Mama," alisema, "hebu sema tena. Sasa mashine imezimwa, nataka nisikie vizuri."

Bi Mwanajuma akasema tena.